Kibuyu cha koko kimekataa kutoa mafuta, wanaojua kuchunda mukuje hapa tafadhali

Mwana_wa_Masisi (Goma)

Habari zenu bandugu na bamama wa humu ndani. Niko na shida na siyo ya kucheka, ingawa najua mutacheka.

Koko wangu, yaani mama wa mzazi wangu, alitutoka mwaka jana. Siku ya kugawa vitu vyake wengine walikimbilia vitenge na masufuria, mimi nikaomba kibuyu. Kibuyu cha kuchundia maziwa, kuyatikisa mpaka mafuta yake, siagi, itoke, yeye alikuwaka anakiita igisabo, kikubwa kama mtoto wa miezi sita, cheusi kwa moshi na mafuta ya miaka, shingo imeshonwa na kamba ya mgomba pale kilipasukaka. Hiki kibuyu kimekimbia kuliko watu wengi wa huu mji. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilipotapika, koko aliacha kitanda, akaacha na mbuzi, akabeba kibuyu kichwani mpaka Gisenyi, Rwanda. 2021 tena waliposema watu watoke, tukaenda nacho Sake kwenye gari la mchanga, mimi ndiye nilikipakata. Kwa hiyo munaelewa kwa nini siwezi kukitundika tu ukutani kama pambo.

Bon, wiki jana nikasema nijaribu. Nikanunua maziwa lita tano kwa huyu anayeleta na pikipiki kutoka milimani, bidoni (dumu) ya njano, nikayaacha siku mbili yakaganda vizuri kabisa. Kibuyu kilikuwa na vumbi na harufu ya kukaa, nikakiosha na sabuni ya unga mpaka nikatosheka. Jumamosi saa nane ya mchana nikajifungia jikoni, nikaweka kibuyu kwenye mapaja, nikaanza. Mbele nyuma, mbele nyuma, vile niliona koko anafanya. Saa moja ya kutikisa, povu. Saa mbili, povu. Saa tatu mikono imekufa, nafungua, povu linanitoka usoni na maziwa ni yale yale, hakuna ata punje.

Sasa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliposikia akaniuliza swali moja tu: nani aliingia ukiwa unachunda? Nikakumbuka. Mtoto wa nyumba ya pili alikuja kuomba kaa la moto, nikamwambia achukue kwenye brazero, jiko la makaa, akachukua akatoka. Mama akapiga mikono. Akasema basi, mafuta yako yametoka na huyo mtoto, yalienda na lile kaa, mtu akikuta munachunda hatoki kabla hajagusa kibuyu, na moto hautoki ndani ya nyumba. Na akaniangalia kama vile mimi sina watu walionilea.

Koko alikuwa na masharti mengi kweli. Jua lisikione kibuyu. Kisikae chini kwenye udongo, kikae juu ya ngata. Usikiruke. Usiongee sana ukichunda. Usihesabu. Mwanamke akiwa kwenye siku zake asiguse maziwa. Anayeingia aguse kibuyu ao akae mpaka iishe. Mimi nilifikiri ni mambo ya wazee tu. Sasa nauliza: nini niliharibu? Ni kaa, ao ni mimi?

Kinyozi_Katindo (Goma)

Dada yangu, saa tatu za kutikisa kibuyu katika mwaka huu! Munanunua margarini kwa duka, munapaka mkate, munaenda kazini. Hilo jicho la mtoto lingepitia wapi kama kopo limefungwa?

MamaBahati (Goma, Ndosho)

Kinyozi nyamaza kwanza, bamama wanaongea.

Mwanangu Mwana wa Masisi, pole. Mimi nimechunda tangu niko na miaka nane mpaka ng'ombe zetu zilipoisha wakati wa vita, kwa hiyo nikikuambia kitu kipokee. Nimesoma ile barua yako mara mbili na nimehesabu makosa ine kabla ya kufika kwa mtoto wa makaa.

La kwanza, sabuni. Mungu wangu. Kibuyu hakioshwi na sabuni hata siku moja! Kibuyu kinakunywa. Ulichoweka ndani kinabaki ndani, ile sabuni iko kwenye nyama ya kibuyu mpaka sasa na ndiyo maana povu lilikuwa na furaha namna ile. Kibuyu kinaoshwa na maji ya moto, unatia vijiwe vidogo vidogo ao mchanga mnene, unatikisa, unamwaga, unarudia, halafu unakianika kinywa chini mpaka kikauke, halafu unakifukiza moshi. Sisi tulikuwa tunachoma majani makavu ndani ya chungu kilichopasuka, unafunika kinywa cha kibuyu juu, moshi unaingia. Ile harufu ndiyo watu wanaikumbuka wakisema maziwa ya zamani yalikuwa matamu.

La pili, saa nane ya mchana. Kwenye nyumba ya mbao na mabati. Jikoni, brazero inawaka. Koko alikuwa anaanza saa ngapi? Jibu wewe mwenyewe.

La tatu, kibuyu kilijaa. Lita tano kwenye kibuyu kama mtoto wa miezi sita, sikioni lakini nakisikia. Maziwa yanapashwa kufika katikati, yakipita kidogo sawa, lakini pakijaa hakuna mahali ya kugongana.

La ine, hukufungua kutoa hewa. Mara ya kwanza ukitikisa kidogo tu unafungua, inapumua "pfff", unafunga, unaendelea. Usipotoa ile hewa ni kama unatikisa mpira.

Mtoto na kaa lake tutamfikia baadaye.

Mwana_wa_Masisi

Mama Bahati nimeona haya. Koko alikuwa anaanza saa kumi na moja, bado giza. Nilikuwa nasikia kile kibuyu kabla sijaamka, ndicho kilikuwa kinatuamsha siye batoto. Na ndiyo, kilijaa mpaka shingoni, nilitaka yaishe mara moja.

Fromaji_na_Mlima (Goma)

Mimi siyo mama lakini nilifanya kazi miaka ine kwenye chumba cha fromaji (jibini) kule Masisi, zile fromaji za duara munazonunua barabarani, kwa hiyo acheni niongezee kidogo, Mama Bahati ataniruhusu.

Mafuta ndani ya maziwa yako kama vitone vidogo sana, macho hayavioni, na kila kitone kimevaa ngozi yake. Ukitikisa, vitone vinagongana, ngozi zinapasuka, vinashikana, vinakuwa punje, punje zinakuwa bonge. Ni hivyo tu kuchunda. Lakini ili vishikane, mafuta yapashwa kuwa nusu magumu nusu laini. Yakipata joto sana yanakuwa maji kabisa, na maji hayashikani na maji, vinapasuka tu vinakuwa vidogo zaidi na wewe unabaki na povu. Yakiwa baridi sana ni kama kugonganisha changarawe, zinagongana zinaachana, utachunda mpaka jioni. Kwa maziwa ya kuganda digri 15 mpaka 18 ndiyo pazuri. Sasa fikirieni Goma: alfajiri hewa yetu iko karibu na hizo digri, bila frigo, bila chochote. Saa nane mchana chini ya mabati na moto pembeni, wewe uko 27 huko ao 30.

Kwa hiyo "jua lisione kibuyu" siyo uchawi, ni kipimo cha joto cha mtu ambaye hana kipimo cha joto.

Na kitu kingine, usitegemee mlima wa mafuta. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4 hivi, ya ng'ombe za kienyeji yanaweza kupita hapo. Lita tano ni gramu 200 za mafuta tupu, na siagi ina maji ndani karibu asilimia 16, na mafuta mengine yanabaki kwenye maziwa. Ukipata bonge la gramu 170, 200, umechunda vizuri. Kilo moja inataka lita 20 na zaidi. Hapo sijasema kama huyo wa pikipiki aliongeza maji ya mto kwenye bidoni, ambayo pia ni mafuta yanayoibiwa na mtu, lakini huyo jirani yako hamuulizi.

Kinyozi_Katindo

Hahaha mwizi wa mafuta ni wa pikipiki! Hiyo ninaikubali.

Lushois_wa_Katuba (Lubumbashi)

Eh bandugu za Goma, musinicheke. Nilisoma hii uzi yenu jana mangaribi, nikasema na mi nitajaribu, bibi yangu, mama batoto, aone. Huku Lubumbashi maziwa ya ng'ombe ya kweli haiko ya kupata ovyo, tuko tunakunywa paka (tu) ya poda. Njo nikachukua poda, nikachanganya na maji muzuri, nikatia mu bidoni ya lita tano, nikajaza nusu vile mama alisema, nikafungua hewa vile mama alisema, nikaanza saa kumi na moja ya asubuhi vile koko alisema. Nilitikisa saa mbili mizima. Batoto banaamka banakuta baba yao anatikisa bidoni mu giza, mukubwa akauliza mama yake kama baba yuko anagonjwa.

Hakuna kitu. Na hakuna mutu aliingia kuomba makala ya moto.

Fromaji_na_Mlima

Kaka Lushois nimecheka mpaka machozi, lakini pole. Maziwa ya poda na yale ya pakiti ya kukaa miezi, kiwandani walishayapitisha kwenye mashine inayovunja vile vitone vya mafuta kuwa vidogo kabisa ili mafuta yasipande juu. Ndiyo maana maziwa ya pakiti hayatoi malai, ule utando wa mafuta wa juu. Hayo huwezi kuyachunda ata ukiita kijiji kizima. Unataka maziwa ambayo ukiyaacha usiku mmoja yanapandisha malai juu. Yasipopandisha, usijichoshe.

Lushois_wa_Katuba

Njo vile. Aksanti kaka. Basi nilitengeneza paka muscle.

Nsimire_Kadutu (Bukavu)

Hapa Bukavu hamujambo. Kwetu upande wa Walungu maziwa ya kuganda tunayaita mashanza, na bamama bengine banachunda mashanza kwanza, bengine banakunywa tu hivyo hivyo na bugali, mi nilikuwa mtoto wa kuyanywa, kuchunda nilikuwa nakimbia. Tate wangu, ndiye munamwita koko, alikuwaka na sharti moja ambalo sijaona humu: mafuta ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa hayauzwi. Yanaliwa nyumbani, kidogo wanapewa bazee, kidogo wanapaka batoto. Alisema ukiuza ya kwanza ng'ombe atakufungia maziwa. Sasa nikiwa mkubwa nafikiri alikuwa anatulinda na baba, juu baba angeuza yote!

Na ile ya kutohesabu, Mwana wa Masisi, koko wako alieleza kwa nini?

Mwana_wa_Masisi

Hapana dada. Alisema tu "ukihesabu yanakusikia". Mimi kidogo bado naogopa kuhesabu.

MamaBahati

Kuhesabu kunakuchosha, mwanangu. Ukihesabu unafika mia tano unaona hakuna kitu unakata roho. Asiyehesabu anasikiliza. Na kuchunda ni kusikiliza, ndiyo maana pia hatukuwa tunaongea sana.

Ngoja nikueleze sauti. Mwanzo maziwa yanalia mazito, "chubwi, chubwi". Halafu povu linaingia, sauti inakuwa kama imefunikwa na blanketi, husikii karibu kitu, na mikono inaona kibuyu kimekuwa chepesi. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na hapo ndipo usiache! Ukisimama hapo ukaenda kusonga ugali, unarudi povu limelala na unaanza upya. Halafu ghafla povu linavunjika, maziwa yanarudi kuwa maji, sauti inafunguka, "pwata, pwata", na ndani yake unasikia kitu kinagonga ukuta, kidogo kidogo, kama mtoto anagonga tumboni. Unafungua, kwenye shingo unaona punje za njano zimeshika. Hapo unatia maji baridi kikombe kimoja, unazungusha pole pole siyo kwa nguvu, punje zinakusanyana. Ukiendelea kwa nguvu unayavunja tena.

Yote hayo ni nusu saa mpaka saa moja, ikiwa hewa ni nzuri. Saa tatu haijawahi kuwa kuchunda, ile ni adhabu.

Ukishatoa, osha bonge na maji baridi, kandakanda, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, bila rangi ya maziwa. Maziwa yakibaki ndani yanaoza haraka. Halafu chumvi kidogo. Ukitaka yakae miezi, yayeyushe kwenye moto mdogo mpaka yaache kulia, ile sauti ya maji yanatoka ikinyamaza basi ni samli, chuja, weka kwenye chupa kavu.

Wa_Cork (kutoka Goma, yuko Ayalandi)

Jamani mimi nimeganda hapa. Mama wa jirani alisema moto usitoke ndani ya nyumba mukiwa munachunda? Kaa la moto?

Mimi niko Cork, Ayalandi, mwaka wa sita sasa, natunza wazee. Hii inchi ni ya ng'ombe na siagi kama Masisi, mvua kama Masisi, hata majani yana rangi ile. Kuna mzee wangu mmoja hapa anapenda kusimulia ya utoto wake, na siku moja aliniambia: kwao mtu akichunda, hakuna kutoa moto ndani ya nyumba. Hata mtu aje kuwasha tumbako, hatoki na moto mpaka siagi ishike. Akisema hivyo nilimwambia Papa unanitania. Na mgeni akikuta munachunda lazima ashike ule mti wa kuchundia apige mara chache, ao aseme Mungu abariki kazi, ndipo aende. Asipofanya wanasema ameondoka na siagi. Nilifikiri ni mambo yake, baadaye nikakuta watu wengi huku wanayajua, yameandikwa na yanafundishwa kama mila za zamani. Tarehe moja ya mwezi wa tano ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, siku hiyo hawakutoa nyumbani moto, wala maziwa, wala chumvi, waliogopa jirani atachukua bahati ya siagi ya mwaka mzima. Walikuwa wanaweka chuma cha kwato za farasi karibu na pipa la kuchundia, wengine chumvi, wengine kijiti cha mti fulani.

Huku hawachundi na kibuyu, ni pipa refu la mbao limesimama, na mti unashuka unapanda kama mtwangio kwenye kinu. Na zamani walizika siagi kwenye matope ya mabwawa yao, mpaka leo watu wakichimba wanaikuta, nyingine ina zaidi ya miaka 2,000, imekuwa kama nta.

Ila swali langu ni hili: koko wa Masisi na mzee wa Cork hawajawahi kuonana. Nani alimwambia mwenzake?

Kinyozi_Katindo

Shetani ni mmoja, anasafiri.

Fromaji_na_Mlima

Ao tatizo ni moja. Siagi ni kitu kinachokataa bila kueleza sababu. Leo maziwa yale yale, kibuyu kile kile, inakuja, kesho haiji. Mtu ambaye haoni digri atatafuta aliyeingia. Na jirani ndiye yuko karibu.

Kwenye kaa naweza hata kubahatisha: mlango ukifunguka na moto ukichokorwa, jiko linapata joto. Lakini sitalazimisha, si kila sharti lina digri ndani.

MamaBahati

Hapana, hata hiyo ya mgeni mimi nina maelezo yangu na siyo ya joto. Mgeni akigusa kibuyu anakusaidia, wewe mikono inapumua. Mama mkwe wangu alikuwa mjanja, wanaume wakipita kusalimia anawaita "karibu mukae, tunachunda", basi mtu hawezi kutoka, anashika kibuyu, na ile kazi ya mwanamke ikafanywa na shemeji bila kumuomba. Pia anayekaa mpaka mwisho anapewa kikombe cha machunda, maziwa yanayobaki siagi ikitoka. Mtu aliyekunywa machunda yako hataenda kusema vibaya huko nje kwamba kwa fulani kuna mafuta wanaficha.

Kwa hiyo huyo mtoto ulimkosea wewe. Ulimpa moto, hukumpa kikombe.

Nasi_Himbi (Goma)

Samahani kuingilia. Mimi ni nasi (muuguzi), nafanya kazi ya maternite, pale wanapozalia, nina mambo mawili na moja litawaudhi.

Kwanza maziwa mabichi. Najua utamu. Lakini ng'ombe anaweza kuwa na kijidudu cha brucella na asionekane mgonjwa, mtu anapata homa inayopanda na kushuka miezi, maumivu ya viungo, mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Na kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita kwenye maziwa. Kuganda peke yake hakuui vyote. Fanyeni hivi: chemsha maziwa, yaache yapoe kabisa, tia vijiko viwili vitatu vya maziwa ya kuganda mazuri yaliyotoka kwa maziwa yaliyochemshwa, funika na kitambaa, acha siku moja ao mbili. Yanaganda na yanachundwa vizuri tu, siagi inakuja.

La pili. Hiyo ya mwanamke kwenye siku zake. Wakaka wa hesabu za digri mumeiruka, nimeona. Semeni basi ina kipimo gani ndani? Haina. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya ng'ombe, kila mwezi nyumba nzima ilijua habari zangu juu siwezi kupewa maziwa, napewa chai ya rangi mbele ya kaka zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Msiniambie ni hekima ya wazee.

Nsimire_Kadutu

Aksanti dada. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

MamaBahati

Binti yangu, hapo sina la kubishana. Sisi wengine tuliona ni siku za kupumzika, mkono haugusi kibuyu siku tano, mimi nilikuwa nafurahi kusema kweli. Lakini nakumbuka pia kaka zangu wakicheka. Binti zangu mimi sikuwafanyia.

Nasi_Himbi

Nimesikia Mama, na asante. Na kwa vile tuko hapo: wale wanaopaka mtoto siagi mwilini, ngozi ikiwa nzima, sawa, koko zetu walijipaka ikimuri, siagi ya ng'ombe, mpaka wakang'aa na maharusi walipakwa. Kitovu cha mtoto mchanga HAPANA. Siagi, majivu, chochote, hapana. Pepopunda inapitia hapo. Kitovu kikae safi na kikavu, basi.

Kinyozi_Katindo

Hii uzi nilikuja kucheka, sasa nasoma kama mtihani wa dini. Swali la kweli basi: siagi ya kibuyu na margarini tofauti ni nini? Rangi moja, mkate mmoja.

Wa_Cork

Kaka, margarini siyo maziwa. Mfaransa mmoja, Hippolyte Mège-Mouriès, aliitengeneza 1869 juu serikali ya Napoleon III ilikuwa inatafuta kitu cha bei ya chini cha kuchukua nafasi ya siagi, kwa maaskari na masikini. Ya kwanza ilitoka kwa mafuta ya nyama ya ng'ombe, ya leo ni mafuta ya mimea. Kwa hiyo wewe unapaka kitu cha jeshi la Ufaransa.

Kinyozi_Katindo

Nimepaka miaka thelathini bila kuvaa ata buti.

Mwana_wa_Masisi

Nimerudi. Niwape habari.

Kibuyu nilikiosha na maji ya moto na changarawe mara tisa (hapo nilihesabu, Mama Bahati unisamehe), mpaka povu la sabuni likaisha. Siku mbili kwenye hewa, kinywa chini. Majani makavu nilikosa hapa mjini, nikachoma maganda ya mgomba, mume wangu akaamka akafikiri nyumba inaungua. Maziwa nilibadilisha muuzaji. Nikayachemsha vile Nasi alisema, nikatia vijiko vitatu vya mashanza ya dada mmoja sokoni Virunga, siku moja na nusu yakaganda kama uji mzito.

Jana, saa kumi na moja na dakika kumi. Hakuna umeme, hakuna moto. Kibuyu juu ya ngata, maziwa nusu. Nikatikisa kidogo, nikafungua, kikapumua. Nikaanza.

"Chubwi chubwi" niliisikia. Blanketi niliisikia. Hapo kwenye blanketi nilikaa muda, mgongo unauma, mwanangu wa kike akaja na usingizi wake akakaa chini karibu, hakuuliza kitu. Nikataka kuacha. Kwa haki ningeacha kama si ile maneno ya Mama Bahati. Halafu jirani, yule yule mama, akagonga mlango, alikuja kuomba kibiriti. Akaona. Hakusema ata habari ya asubuhi. Akakaa chini, akanyosha mikono, nikampa kibuyu. Akachunda yeye labda dakika kumi, macho amefunga. Na ni yeye alisikia, mimi nilikuwa nimelala nusu. Akasema "yanagonga".

Bonge lenyewe ni dogo kuliko ngumi yangu, njano hafifu. Tuliliosha na maji baridi mara ine. Sina mzani, lakini nilienda nalo dukani kwa jirani wa sukari akanipimia: gramu 90, na kibuyu kilikuwa nusu. Fromaji na Mlima, unaona?

Nikampa mama kikombe chake na kijiko kimoja cha mafuta kwenye jani. Kibiriti alisahau kuchukua. Ao hakusahau, sijui, sikumuuliza.

MamaBahati

Hakusahau.

Fromaji_na_Mlima

90! Kwa lita ngapi, mbili na nusu? Basi huyo muuzaji wa kwanza mwambie tunamsalimia.

Lushois_wa_Katuba

Dada hongera sana sana, huku bote tunafurahi, bibi yangu nilimusomea yote. Sasa mi niko na swali moja tu: ile machunda ilibakia mulipeleka wapi? Juu mi njo nilikuwa naingojea.

Mwana_wa_Masisi

Kaka, nilipotoka kupima mafuta dukani nikarudi, batoto walishamaliza yote na bugali ya jana. Sufuria waliinama ndani mpaka na pua.